Nakala Iliyo Nyumba ya Pili

Mashairi ya Muyaka bin Haji yalikuwa yapotee. Muyaka alifariki hapa Mombasa mwaka 1840, na mengi katika aliyoyatunga yalibaki vifuani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah ndiye aliyeyakusanya kutoka kwa walioyakumbuka, akayaandika kwa hati ya Kiarabu. Mmishonari Mwingereza William Taylor aliyanakili kwa herufi za Kirumi, akaongeza maelezo. Sikujua akafariki 1890. Karatasi zile zikafika London, na mwaka 1940, miaka 100 tangu Muyaka azikwe, William Hichens akazitoa Johannesburg kwa jina la Diwani ya Muyaka.

Habari hii nilifundishwa shuleni, lakini uzito wake niliujua siku diski yangu ilipoanguka.

Mimi ni mpiga picha za harusi, Mji wa Kale. Huku kwetu shughuli za wanawake hupigwa picha na mwanamke, na kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba yangu tangu 2008. Mwaka 2019 mwanangu alipita mbio, mguu ukanasa waya, diski ya nje ikaanguka kutoka mezani huku ikifanya kazi. Ndani ya kifaa kile mna sahani zinazozunguka kwa kasi, na vichwa vya kusomea huelea juu yake karibu mno bila kuzigusa. Vikigusa, hukwaruza. Nilisikia tik, tik, tik, kisha kimya. Fundi aliniambia kazi ya kuifungua inataka chumba kisicho na chembe ya vumbi, na gharama yake ilishinda kodi yangu ya mwaka mzima. Harusi 41 zilikuwa mle. Mama mmoja alikuja kuuliza kama hata picha moja ya marehemu mamake, bibi ya bi harusi, haikupatikana. Ilinibidi nimjibu hapana.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza wazee wetu, wasio na fedha wala mitambo, walihifadhije.

Lamu alikuwako Muhamadi Kijuma, mwandishi mwenye hati nzuri na mchongaji wa mbao. Alinakili tenzi na mashairi kwa mkono kwa ajili ya watafiti wa Ulaya: Alice Werner, Hichens na Mjerumani Ernst Dammann. Karatasi kwetu huliwa na mchwa, na hewa ya chumvi huilainisha mpaka ikakatika. Nakala zilizokwenda London na Ujerumani zikawa zimetoka kwenye njia ya mchwa huyo. Usalama wake haukutokana na sanduku imara. Ulitokana na kuwa katika nyumba nyingine, mbali na ya kwanza.

Halafu zikaja kaseti. Nyumbani kwetu baba alikuwa na kaseti za waimbaji wa taarab Juma Bhalo na Zein l'Abdin, nyingine kutoka duka la Mbwana Radio, nyingine zimerekodiwa harusini, mna vigelegele na kelele za sahani. Jirani akiipenda, huja na kaseti tupu na redio yake, na jioni hiyohiyo hupatikana nakala. Mjomba aliyehamia Muscat aliondoka na mfuko mzima. Kila nakala ilipunguza sauti na kuongeza mvumo, hilo ni kweli. Lakini redio ilipotafuna kaseti yetu, tulituma mtu kwa jirani, wimbo ukarudi.

Diski ilituondolea mvumo, ikatuondolea na jirani. Ile ya kwanza ya kompyuta, ya kampuni ya IBM, ilitoka 1956: mtambo wa uzito wa takriban tani moja uliobeba herufi milioni 5 tu. Leo picha moja ya kamera yangu haingeenea humo, na diski ninayoibeba kwenye mkoba ina terabaiti 8. Nakala yake ya kumi ni sawasawa na ya kwanza, haipungui hata nukta. Tungetegemea basi nakala ziwe nyingi kuliko zama za kaseti. Zimekuwa chache. Kwa kuwa kila kitu kinaenea katika kisanduku kimoja, tumekiweka chote humo.

Wengi hunishauri nipeleke picha kwenye intaneti. Nyaya za baharini zilifika Mombasa 2009, na zimetufaa sana. Lakini kupandisha terabaiti 4 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde huchukua siku 74, usiku na mchana, na malipo ya hifadhi hayaishi. Tena picha zangu ni za wanawake waliovua buibui kwa kuniamini. Amana hiyo siwezi kuiweka nisipopajua.

Nikarudi kwenye njia ya wazee. Kwanza nilichambua. Picha zisizo wazi na zilizojirudia nilizifuta, za kazi zinazoweza kupigwa upya nikaziacha bila nakala. Katika terabaiti 8, zisizo na badala zilikuwa 3 tu, na hapo gharama ilishuka zaidi ya nusu. Nilinunua diski mbili za terabaiti 4, moja kwa zamu yangu ya chama, ya pili miezi sita baadaye, za kampuni mbili tofauti ili ila ya moja isiwe ya zote. Kunakili hufanywa na rsync, programu ya bure iliyotolewa 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras. Hubeba kilichobadilika tu, kwa hiyo kazi ya wiki nzima humalizika nikiwa napika. Zote mbili nimezifunga kwa neno la siri.

Moja hukaa kabatini kwangu, ndani ya kopo lenye vifuko vya kunyonya unyevu. Ya pili iko Malindi kwa dada yangu, na kila baada ya miezi mitatu hubadilishana na ile ya kabatini. Nauli ya matatu ndiyo gharama yake. Kabla ya kuifunga hufungua harusi tano, nikitazama picha moja moja, kwa kuwa nakala isiyofunguliwa haijulikani kama ni nzima.

Msomaji, kama una diski moja yenye picha za wazazi wako, leo usihesabu bei ya mtambo mkubwa. Chagua zile zisizo na badala, zinakili, kisha mpelekee ndugu unayemwamini, aliye mji mwingine. Muyaka tunamsoma leo kwa sababu mtu hakuridhika na nakala moja.