Lori Jipya Halikimbizwi

Leo tutatazama nyuma kidogo, tujue kwa nini madereva wa zamani waliendesha gari jipya kwa hadhari.

Katika miaka ya 1950, huko Uingereza, watu waliona motokaa mpya ikienda pole pole, na nyuma yake kibao cha kuwaomba wengine wapite, kwa kuwa injini ilikuwa ikizoeshwa. Dereva hakuwa mwoga. Alifuata kitabu cha gari. Vitabu vingi vya wakati huo viliagiza mwendo wa kiasi kwa maili 500 za kwanza, yaani kilomita 800 hivi, kisha oili ya kwanza imwagwe.

Sababu ni nini? Ndani ya injini mna silinda, na ndani ya silinda pistoni hupanda na kushuka. Pistoni imevishwa ringi za chuma. Ukuta wa silinda mpya una mikwaruzo midogo iliyotiwa kiwandani kwa makusudi. Ringi huisugua mpaka vyuma viwili vipatane. Ukikimbiza gari mapema, vyuma hupata moto kupita kiasi, na pistoni huweza kukwama. Oili ya kwanza nayo hubeba unga wa chuma. Ndiyo maana humwagwa.

Wazee husema, pole pole ndio mwendo. Lakini sikilizeni vizuri. Injini ya lori la dizeli haipendi kudekezwa pia. Nguvu ya mlipuko ndani ya silinda ndiyo inayozibana ringi ukutani. Lori likiachwa lingurume bure saa nyingi, ukuta huwa laini kama kioo, ringi hazishiki, na injini hula oili. Basi lipe kazi ya kadiri, wala usishike mwendo mmoja tu.

Siku hizi viwanda huchonga chuma kwa usahihi zaidi, na masharti yamepungua. Hata hivyo kila kiwanda kina agizo lake, nalo limo kitabuni. Mtu aliyekopa fedha akanunua lori, naye hajui kusoma, atafuata maneno ya kila apitaye. Ajuaye kusoma atafungua kitabu kabla ya kupakia mzigo wa kwanza.

Swali la kujadili darasani: Kwa nini kuliendesha lori jipya pole pole tu hakutoshi?