Mchele wa Mkate

Mkate wa kumimina hauna ngano hata punje. Ni mchele uliolowekwa usiku kucha, ukasagwa kwa tui zito la nazi, ukatiwa sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke. Kisha humiminwa katika sufuria yenye mafuta ya moto, ukafunikwa na kupaliwa makaa juu ya kifuniko, moto chini na moto juu. Nilijifunza kuupika mwaka jana kwa bibi yangu, mzaliwa wa Wete, Pemba, wa mwaka 1938.

Bibi hapimi kwa vikombe. Huchota rojo kwa upawa, akalitazama linavyoshuka, akasema, "Bado zito, mjukuu wangu, ongeza tui." Mimi nilikuwa na daftari, kwa hiyo nilipima kila alichotia kabla hakijaingia chunguni: mchele vikombe 2, tui kikombe 1 na nusu, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko 1 cha chai, na ute wa yai 1 mwishoni. Kilichonishughulisha zaidi ni neno lake moja. Kila akikutana na mchele uliokatikakatika au wenye harufu ya ghala, huusukuma pembeni na kusema, "Huu mchele wa mgawo." Mgawo gani? Nilianza kusoma ili nijue.

Mchele wenyewe si mwenyeji wa tangu na tangu. Watafiti wa mambo ya kale walichambua punje zilizoungua katika makazi ya kaskazini mwa Pemba. Huko Tumbe, kati ya karne ya 7 na ya 10, nafaka kuu ilikuwa uwele. Huko Chwaka, mji uliokua jirani kuanzia karne ya 11, mchele ndio uliotawala. Mpunga ulikuja kwa njia ya bahari kutoka Asia, na kadiri miji na misikiti ilivyokua, watu waliuchagua kuwa chakula chao, ingawa unataka kazi nyingi zaidi kuliko uwele. Ibn Battuta alipopita pwani yetu mwaka 1331, alikirimiwa Mogadishu wali uliopikwa kwa samli. Mchele ulikuwa tayari chakula cha kumpa mgeni wa heshima.

Pemba ikawa ghala. Wareno walipojenga Ngome ya Yesu Mombasa, kuanzia mwaka 1593, sehemu ya chakula cha ngome na mji ilitoka Pemba, mchele ukiwamo. Kwa hiyo, kwa karne kadhaa, mwanamke wa Pemba aliyeloweka mchele wa mkate aliloweka mchele wa bonde la kwao.

Karne ya 19 ilibadili mambo. Chini ya Seyyid Said na warithi wake, ardhi ya visiwa iligeuzwa mashamba ya karafuu, na kazi ikafanywa na watumwa walioletwa kutoka bara. Kimbunga cha mwaka 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ndiyo iliyochukua nafasi ya kwanza katika zao hilo. Mabonde ya mpunga hayakutoweka, ila nguvu za watu na fedha zilikwenda kwenye karafuu. Visiwa vilivyokuwa vikiuza nafaka vikawa vinainunua. Karafuu zilipanda melini, mchele ukashuka. Mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu kubwa ya mchele huo ilitoka Asia, hasa Burma.

Machi 1942 majeshi ya Japani yaliuteka mji wa Rangoon, na mchele wa Burma ukakatika. Serikali ya kikoloni Zanzibar ikaweka mgawo wa chakula, na mgawo huo ulifuata asili ya mtu. Waasia walitengewa mchele. Waafrika walipewa unga wa mahindi. Katika visiwa ambako wali ulikuwa chakula cha heshima kwa miaka mia nyingi, karatasi ya afisa iliamua nani ni mla wali na nani si mla wali. Wapo waliojiandikisha kwa kabila jingine ili wapate mchele. Watu wanapojadili jinsi siasa za ukabila zilivyochacha Zanzibar kabla ya 1964, hutaja vyama na magazeti. Ni haki kuutaja pia mstari wa mgawo.

Bibi alikuwa na miaka minne wakati ule. Anachokumbuka alikipata kwa mama yake: Sikukuu iliyopita bila mkate wa kumimina, na mkate wa unga wa mahindi uliopikwa kwa tui badala yake. "Watoto walikula," alimwambia, "lakini hakuna aliyepeleka kwa jirani." Mkate wa kumimina huliwa kwa kupelekeana. Sahani hutoka imejaa na kurudi imejaa kitu kingine. Mgawo ulikata na njia hiyo. Mgawo wa pili Bibi aliuona kwa macho yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa foleni za mchele, sukari na unga, akiwa na watoto wake mwenyewe. Ndiyo maana neno halijamtoka mdomoni.

Rika langu tunapenda kusema "mapishi ya asili", kana kwamba bibi zetu waliyaokota chini ya mnazi. Jina la mkate huu tu linatosha kutupa tahadhari. Kumimina ni neno letu la Kibantu, hamira limetoka katika Kiarabu, mpunga ulivuka bahari. Bado ni mkate wetu, kwa sababu vizazi vya wanawake waliupika, wakaukosa, wakaurudia mchele ulipopatikana. Lakini kuujua vizuri ni zaidi ya kujua rojo liwe zito kiasi gani. Ni kujua pia kwamba ulitegemea shamba la nani, meli ya nani na karatasi ya nani.

Leo sehemu kubwa ya mchele unaoliwa Zanzibar bado hutoka nje ya visiwa. Ninaponunua, nimekuwa na mazoea ya kumuuliza muuzaji umetoka wapi, naye hunishangaa. Katika daftari langu, kando ya mstari wa vikombe 2 vya mchele, nimeandika 1942, ili atakayelirithi aulize kama nilivyouliza mimi.