Database moja, ordinatere nyingi: namna ya kuziunganisha bila kufungulia wezi

Dilolo, katika Lualaba, ni mahali reli ya kutoka Lobito inaingia Kongo ikitokea Luau, Angola. Mizigo ikipita, makaratasi nayo yanapita. Douane, ni kusema DGDA, inatumia Sydonia World, programu ya CNUCED. Hiyo si kazi yako kuipanga. Lakini transitaire mwenye mafaili ya wateja, ao famasi, anaweza kuwa na database yake: ordinatere moja inakuwa seva, zingine zinaiuliza.

Kwanza, seva ipate anwani isiyobadilika, mfano 192.168.1.10, nje ya namba zile ruta inajigawia. La sivyo, courant ikikatika na kurudi, seva inaweza kuamka na anwani nyingine, na biro nzima itasema programu imekufa, kumbe imehama tu.

Kisha mlango. MySQL inatumia 3306, PostgreSQL 5432. PostgreSQL ikiisha kuwekwa, kwa kawaida inasikiliza mashini yake yenyewe peke yake. Katika faili postgresql.conf, kwenye listen_addresses, andika 'localhost,192.168.1.10'. Katika pg_hba.conf, ruhusu 192.168.1.0/24 tu, kwa scram-sha-256, ili kila mtu aombwe neno la siri. Anzisha PostgreSQL upya, halafu fungua 5432 kwenye pare-feu ya seva, kwa mtandao wa ndani tu.

Hapa njo wengi wanaharibu: mkubwa yuko Kolwezi, anataka kuona hesabu, basi wanaamuru ruta ifungulie mlango huo intaneti yote. Hapana! Mwanzo wa 2017, maelfu ya database za MongoDB zilizoachwa wazi bila neno la siri zilifutwa na watu waliodai pesa. Kuna waliolipa na hawakurudishiwa kitu. Mkubwa wa mbali apitie VPN kama WireGuard, na database yenyewe isionekane huko inje.

Ikikataa? Kwenye ordinatere ya Windows inayouliza, fungua PowerShell, andika: Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 5432. Usitegemee ping, maana pare-feu inaweza kuizuia hata kama yote iko sawa. Kama programu inasema imekataliwa, mara nyingi mashini iko lakini PostgreSQL haisikilizi. Ikikaa kimya mpaka muda unaisha, angalia kabo, anwani na pare-feu. Ikitaja pg_hba.conf, umefika mpaka mlangoni, ila hauko kwa liste.