Neno la Siri Lililoondoka na Mwenyewe: Historia Fupi ya Kompyuta Isiyofunguka

Mwezi wa Septemba, tuliporudi kutoka likizo ya kiangazi, tuliwasha kompyuta ya chama ili tuanze kutayarisha toleo hili, ikatuuliza neno la siri. Tukatazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake analijua.

Kwa kompyuta yenyewe tusingelia. Ni ya zamani, inachelewa kuwaka, na feni yake inavuma kama injini ya jahazi. Lakini ndani yake mna mahojiano 17 ya wazee wetu, bibi na babu waliozaliwa Unguja, Pemba na Mombasa, waliokuja Oman baada ya 1964, na wengi zaidi baada ya 1970, pale Sultani Qaboos aliposhika utawala na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi. Yalirekodiwa na wenzetu waliotutangulia, nyumba kwa nyumba, Ruwi, Seeb na Barka, na hayakuwa na nakala. Wazee wawili katika hao wameshafariki.

Fundi wa kompyuta wa chuo, kijana mstaarabu, kwanza alitutaka tulete barua ya mlezi wa chama kuthibitisha kuwa mashine ni yetu. Tulikereka, ingawa sasa tunaona alifanya sawasawa. Barua ilipofika alikaa nayo nusu saa, kisha akasema anaweza kuifanya iwake kama mpya, ila vilivyomo vyote vitafutika. Tukamwambia, basi kaka, tutazamie ndani neno la siri lenyewe uliandike hapa. Akacheka. Akasema halimo.

Halimo vipi, na mashine inajua kutwambia tumekosea? Swali hilo ndilo lililotupeleka kwenye historia hii.

Neno la siri la kompyuta lina umri wa miaka sitini na kitu. Kabla yake, mtu aliyetaka kutumia kompyuta kubwa za vyuoni alipeleka kadi zake zilizotobolewa matundu, akasubiri zamu yake, akarudi kuchukua majibu. Mwezi wa Novemba 1961, katika chuo cha MIT kule Marekani, jopo lililoongozwa na Fernando Corbató lilionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu wengi kuitumia mashine moja kwa pamoja, kila mmoja akiwa kwenye taipureta yake. Hapo pakazuka jambo jipya. Watu wamo katika nyumba moja, lakini kila mmoja ana sanduku lake. Wakapewa kila mmoja neno la kufungulia sanduku hilo, na maneno yote yakawekwa kwenye orodha moja ndani ya mashine, yakiwa wazi kama yalivyo.

Haikuchukua muda. Mwaka 1962 mwanafunzi wa udaktari, Allan Scherr, alikuwa amegawiwa saa 4 kwa wiki, na utafiti wake ulihitaji zaidi. Akagundua kwamba unaweza kuiagiza mashine kwa kadi ikuchapishie faili lolote. Ijumaa usiku akaagiza faili la maneno ya siri, Jumamosi asubuhi akaenda kulichukua. Siri hiyo aliikalia kwa muda wa miaka 25 hivi ndipo akakiri. Kwa hiyo mmoja wa watu wa mwanzo kabisa tunaowajua kuiba maneno ya siri ya kompyuta alikuwa mwanafunzi mwenye tasnifu ya kumaliza. Sisi hatusemi kitu.

Mwaka 1966 mambo yakaharibika yenyewe bila ya mwizi. Msimamizi mmoja alikuwa anahariri tangazo la siku, lile linalotokea kwa kila anayeingia, na mwingine wakati huohuo anahariri orodha ya maneno ya siri. Mafaili mawili ya muda yakabadilishana mahali. Kila aliyeingia kwenye mfumo mchana ule akapokewa na orodha ya maneno ya siri ya watu wote.

Zama zile, basi, aliyesahau neno lake alikuwa na dawa rahisi. Alimwendea msimamizi, msimamizi akafungua orodha, akamsomea. Hilo ndilo tulilolitaka sisi kwa fundi wetu, na tumechelewa kwa nusu karne.

Miongoni mwa waliofunga mlango huo ni watu wa mfumo wa Unix katika maabara ya Bell. Robert Morris na Ken Thompson waliieleza kazi hiyo katika makala yao ya mwaka 1979. Mashine haikuhifadhi tena neno lenyewe. Ilichukua neno, ikalisaga kwa hesabu ambazo hazirudi nyuma, ikaweka ule unga tu. Bizari ikishasagwa hairudi kuwa punje. Ukija kesho na neno lako, mashine inalisaga upya na kulinganisha unga na unga; ukifanana, pita. Fundi wetu alikuwa mkweli: neno halimo, mna unga wake tu, na hata yeye mwenye funguo zote za chuo hana la kutusomea.

Makala hiyohiyo ina takwimu iliyotutia moyo kupita kiasi. Morris na Thompson walikusanya maneno ya siri 3,289 ya watumiaji, wakakuta 86 kwa mia yanapatikana kwa urahisi, kwa sababu ni mafupi mno, au ni majina, au yamo katika kamusi. Tukasema, kama wataalamu wale walikuwa hivyo, sembuse sisi! Tukakaa jioni nzima tukijaribu. Forodhani. Mapera. Halua. Jina la chama, jina la gazeti, jina la paka wa jengo letu. Mashine ikachoka na sisi, ikatufungia tusubiri. (Thompson mwenyewe, tumesoma baadaye, neno lake la zamani lilikuja kuvunjwa mwaka 2019. Lilikuwa mwendo wa kufungulia mchezo wa chesi. Hilo tusingelipata hata kwa mwaka.)

Zilipokuja kompyuta za mezani, mambo yakageuka kidogo, na sehemu hii ndiyo mafundi wanayoipenda kuisimulia. Kompyuta ya MIT ilikuwa chumba kizima chenye walinzi. Ya mezani unaibeba kwapani. Aliyeishika mkononi anaweza kuiwasha kwa mfumo mwingine kutoka kwenye kidiski, akaingia ndani bila ya kupita kwenye mlango unaouliza neno la siri. Miaka ya mwisho ya 1990, Petter Nordahl-Hagen, Mnorwe, alitoa programu ya bure iliyofanya hivyo kwa Windows. Haikutafuta neno la siri hata kidogo. Ilikwenda moja kwa moja pale unga ulipowekwa, ikaufuta, na safari nyingine kompyuta ikafunguka bila ya kuuliza kitu. Mafaili yakabaki salama, isipokuwa yale yaliyokuwa yamefungwa peke yake kwa neno la mwenyewe. Ofisi ngapi zimeokolewa hivyo, mhasibu kahama kazi, katibu kagombana na mkubwa wake!

Lakini mlango uliokuwa wazi kwa fundi ulikuwa wazi kwa mwizi pia. Ndipo Windows Vista, iliyoingia madukani mwaka 2007, ikaja na BitLocker katika baadhi ya matoleo yake. Hapa haifungwi akaunti tu, bali diski nzima inageuzwa maandishi ya fumbo, na anayeiwasha kwa mfumo mwingine anakuta vurugu tupu. Kwa dharura upo ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48, ambao mwenye mashine hushauriwa auhifadhi mahali pengine. Kompyuta yetu ilikuwa imefungwa hivyo. Na tarakimu zake zilihifadhiwa katika akaunti ya uanafunzi ya dada aliyekuwa katibu wa chama wakati ule, akaunti iliyozimwa alipohitimu.

Tulikuwa tumefika hapo, tumekata tamaa nusu, mmoja wetu alipoleta habari ya Norwe.

Norwe wana Kinorwe cha aina mbili za kuandikwa. Moja, inayoitwa nynorsk na inayotumiwa na watu wachache, ilijengwa katika karne ya 19 na Ivar Aasen, mtoto wa mkulima aliyezunguka vijijini akikusanya lahaja. Kipo kituo cha lugha chenye jina lake, na katika hazina zake ni maktaba ya Profesa Reidar Djupedal, maelfu ya vitabu. Orodha ya maktaba hiyo ilikuwa kwenye kompyuta, imefungwa kwa neno la siri, na aliyeitayarisha akafariki bila ya kumwachia mtu neno hilo. Vitabu vipo, orodha ipo, na hakuna wa kuisoma. Mwaka 2002 kituo kikatoka hadharani, kikawaomba walimwengu msaada. Wengi wangeona haya. Wao hawakuona. Majibu yakamiminika, na katika muda wa saa chache tu mtaalamu mmoja wa Sweden akawaletea neno: ladepujd. Lisome kutoka mwisho kwenda mwanzo. Ni Djupedal.

Tuliisoma habari hii kwa sauti kwenye mkutano wa chama. Watu wa lugha ndogo, wamekusanya maneno ya wazee wao, wameyafungia, halafu hawana ufunguo. Palikuwa kimya kidogo. Kisha mwalimu wetu mmoja akauliza, na huyo katibu wenu mmempigia simu?

Tulikuwa tumempigia siku ya kwanza. Anafanya kazi Sohar sasa. Alitwambia anadhani ni karafuu, herufi ndogo tupu, lakini hana hakika. Tukajaribu karafuu, tukajaribu na herufi kubwa mwanzo, tukajaribu na mwaka mbele. Haikukubali, tukahukumu kuwa dada amesahau. Hukumu hiyo, tunakiri, ilikuwa ya haraka. Baada ya kisa cha Norwe tukampigia tena, tukamwomba aje akae mwenyewe kitini. Akaja Alhamisi moja jioni na sahani ya vitumbua. Akakaa, akaandika bila ya kutazama kibodi, haikufunguka. Akaandika tena. Kisha akainama karibu na skrini, akauliza, "Mbona hapa pembeni pameandika Kiingereza? Hii siku zote ilikuwa Kiarabu."

Akabadilisha lugha ya kibodi, akaandika karafuu, ikafunguka.

Ilivyokuwa ni hivi. Siku alipoweka neno la siri, kibodi ilikuwa kwenye Kiarabu naye hajui, maana kwenye kisanduku kile huoni herufi, unaona vidoto. Vidole vyake viliandika karafuu. Mashine ilipokea nuni, shini, kafu ya nukta mbili, shini, be, aini, aini. Huo ndio unga uliohifadhiwa. Kwa kuwa skrini ya kuingilia ilibaki na Kiarabu miaka yote, hakuwa na sababu ya kugundua. Wakati wa likizo mtu akaibadilisha kuwa Kiingereza, na tangu hapo sisi tukawa tunasaga punje nyingine kabisa. Tulikuwa na neno sahihi tangu siku ya kwanza. (Tumeshalibadilisha, msijisumbue.)

Mwalimu wetu wa fasihi alicheka mpaka akavua miwani. Akatukumbusha kwamba Kiswahili kimevaa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi. Barua za Kiswahili kutoka Kilwa za mwanzoni mwa karne ya 18 zimehifadhiwa mpaka leo katika makumbusho ya nyaraka kule Goa. Na zenyewe si rahisi kufunguka. Mwandishi asipoongeza alama, be inasimama mahali pa b na mahali pa p, na msomaji lazima awe anaijua lugha kabla ya kuliona neno. Wengi wetu tunazo nyumbani barua za babu namna hiyo. Herufi tunazisoma vizuri, tumezisoma tangu darasa la kwanza, na hatujui zinasema nini mpaka bibi azisikie. Ila babu aliandika sauti, na sauti inatambulika. Karafuu ya kompyuta yetu haisomeki kwa Kiarabu wala kwa Kiswahili. Ni alama za mahali vidole vilipokuwa.

Usiku uleule tulinakili mahojiano yote kwenye diski mbili. Moja inakaa kwa mlezi, nyingine kwa mweka hazina. Tarakimu 48 tumezichapisha kwenye karatasi, zipo katika bahasha ndani ya kabati la mlezi. Wengine walisema karatasi ni jambo la kizamani. Corbató mwenyewe, aliyeyaanzisha haya, alikiri uzeeni kwamba maneno yake ya siri alikuwa akiyaweka kwenye kurasa tatu zilizopigwa taipu.

Kati ya mahojiano 17, 16 ni mazima, na matatu ya kwanza tuliyokwisha kuyaandika yamo katika toleo hili. Moja, la mzee wa Barka, lina sekunde 40 tu. Anataja jina lake na la baba yake, anaanza kueleza jahazi walilopanda, na hapo sauti inakatika. Kwa bahati yu hai. Tulimpigia kuomba turudi kwake mwezi ujao, akakubali, akatuuliza na yale maneno aliyotupa mara ya kwanza, saa mbili nzima, tumeyapeleka wapi.