Ghala Ndani ya Ghala: Historia ya Nukta Mbili na Mkwaju

Subversion 1.0 ilipotoka Februari 2004, watengeneza programu walipata ghala jipya la kutunzia msimbo pamoja na kumbukumbu ya kila badiliko. Folda ya mradi iliweza pia kubeba kiungo cha ghala jingine, ili maktaba inayotunzwa na timu ya pili ivutwe yenyewe. Sharti lilikuwa anwani iandikwe kamili, kuanzia itifaki na jina la seva hadi folda ya mwisho.

Tatizo lilikuja seva ilipohama. Anwani ya zamani ilikuwa imeshaingia katika historia ya mradi, na anayefungua toleo la nyuma alipelekwa kwenye seva isiyokuwepo tena.

Dawa ilikuja na Subversion 1.5, Juni 2008. Alama ^/ ilimaanisha anza kwenye mzizi wa ghala hili; ../ ilimaanisha panda ngazi moja. Ni kama kumwelekeza mgeni kwa jirani: hutaji mji wala mtaa, unamwambia mlango wa pili kutoka hapa.

Git, mfumo mwingine wa kutunzia msimbo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ilipata moduli ndogo, yaani ghala ndani ya ghala, katika toleo 1.5.3 la mwaka 2007. Anwani zake hukaa katika faili la .gitmodules, nayo hukubali mstari mfupi kama huu:

url = ../hesabu.git

Git haipimi kutoka kwenye folda, bali kutoka kwenye anwani ulikochukua mradi mkuu. Ukiuchukua kutoka timu/mradi.git, moduli itatafutwa timu/hesabu.git. Maghala yote mawili yakihamia seva mpya pamoja, hakuna mstari wa kurekebisha katika .gitmodules. Lakini anayenakili mradi mkuu peke yake kwenye akaunti yake hukwama, kwa sababu Git huitafuta hesabu.git kwenye akaunti hiyohiyo, nayo haipo.

Suala la njia kamili lilizuka pia ndani ya kompyuta ya mtumiaji. Toleo 1.7.8 la Git, la Desemba 2011, lilihamishia kumbukumbu za moduli kwenye folda ya .git/modules ya mradi mkuu. Moduli ikinakiliwa mara ya kwanza, njia ya kufika huko iliandikwa kamili, hivyo ukihamisha folda ya mradi, kiungo kilikatika. Mwaka 2012 njia hiyo ilifanywa ihesabiwe kutoka moduli ilipo.

Mei 2018 nukta mbili za ../ zilionyesha hatari yake. Git ilikuwa ikitumia jina la moduli kuunda njia ya folda bila kulikagua. Mwenye nia mbaya angeweza kutia ../ ndani ya jina, akatoka nje ya .git/modules na kuendesha programu yake kwenye kompyuta ya anayenakili mradi pamoja na moduli zake. Toleo 2.17.1 likaanza kuyakataa majina hayo.

Kwa anayepanga mradi leo, uamuzi unategemea nani anamiliki moduli. Ikiwa ni ya timu yenu na itahama pamoja nanyi, ../ inatosha; ikiwa ni ya watu wengine, andika anwani kamili.