Ollie Matson (1930–2011)

Ollie Matson, mzaliwa wa Trinity, Texas, alikuwa katika futiboli ya Kimarekani mtu wa kukimbia na mpira, wa kuudaka hewani, wa kuurudisha ulipopigwa na wapinzani, na ilipohitajika wa kusimama safu ya ulinzi, kazi ambazo aghalabu hugawiwa watu kadhaa.

Mwaka 1951 timu ya Chuo Kikuu cha San Francisco, aliyokuwa nyota wake, ilishinda michezo yake yote 9. Lakini wachezaji walipoelezwa kwamba hawataalikwa katika mashindano ya mwisho wa msimu isipokuwa wawaache nyuma Matson na Burl Toler, kwa kuwa wawili hao walikuwa Weusi, walilikataa sharti hilo la dhuluma kwa kauli moja. Katika yote yaliyotendwa na timu ile, hapana linalostahiki taadhima kuliko kukataa huko.

Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Helsinki, Matson alitwaa nishani ya shaba katika mbio za mita 400, na ya fedha katika mbio za kupokezana vijiti, kisha akajiunga na timu ya futiboli ya Chicago Cardinals. Thamani yake ilidhihirika mwaka 1959, Los Angeles Rams walipotoa watu 9 ili wampate yeye peke yake. Baadaye alichezea Detroit na Philadelphia hadi 1966.

Katika misimu yake 14 hakupata kombe la ubingwa. Hata hivyo, mwaka 1972, Jumba la Mashujaa wa mchezo huo, lililoko Canton, Ohio, lilimwingiza kwa haki kabisa.