Mabaki ya "Over Exposed", Bleaklow, Uingereza

Ndege hii aina ya B-29, ya upelelezi wa picha ya Jeshi la Anga la Marekani, iligonga mlima huu tarehe 3 Novemba 1948, mawingu yakiwa yametanda. Ilikuwa safari fupi tu, kutoka Scampton kwenda Burtonwood. Wote 13 waliokuwemo walikufa. Mwaka 1946 ilikuwa imepiga picha za majaribio ya mabomu ya atomiki kule visiwa vya Bikini, Bahari ya Pasifiki.

Sogelea injini: silinda zimepangwa duara, alumini imepauka, tope jeusi limeingia kila upenyo. Watafiti husoma namba zilizogongwa kwenye vipande kama hivi na kuzilinganisha na kumbukumbu za jeshi.

Sheria ya Uingereza ya 1986 inalinda mabaki haya. Piga picha, tafadhali usichukue hata skrubu moja.